Maneno ya Waingereza juu ya Uvivu na Kujizuia, Maana Yake na Asili Yake

Wasomaji wetu, kazi ya karani si kuandika tu. Kazi yake nyingine ni kusoma barua za watu. Hapa Bomang'ombe halipiti juma ila twaletewa karatasi ya Kiingereza na mtu ambaye hakujifunza lugha hiyo, naye hutuambia, "Nisomee, mwanangu, unieleze wanataka nini." Nasi husoma, tukafasiri, naye akaenda zake. Kwa hiyo maneno yetu mawili matatu yaweza kumpa mtu usingizi au kumnyima.

Leo twataka kueleza maana na asili ya maneno kadha wa kadha ya Kiingereza yahusuyo uvivu, na mapumziko, na kujizuia, na kuzuiwa. Sababu ya kuyachagua hayo ni kosa tulilolitenda sisi wenyewe, nasi hatuoni haya kulieleza, maana kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Alikuja kwetu mzee mmoja mwenye shamba huku tambarare. Alikuwa na barua ya Kiingereza kutoka afisi moja. Ndani yake mliandikwa ya kwamba shamba lake lilikuwa limekaa "idle", naye aliombwa ajibu katika muda wa siku thelathini aeleze nia yake juu ya shamba hilo. Watu walikuwa wengi barazani, nasi tulikuwa na haraka. Tukamwambia kwa sauti kubwa, "Mzee, wamesema wewe ni mvivu, na shamba lako ni la mvivu." Mzee hakujibu neno. Aliikunja barua ile mara nne, akaitia katika koti lake, akaondoka. Watu wawili watatu wakacheka.

Sasa na tulitazame neno lile tulilolifasiri vibaya, kisha tutarudi kwa mzee.

Neno "idle"

Neno hili ni la kale sana katika Kiingereza. Miaka elfu iliyopita liliandikwa "idel", na maana yake ya kwanza haikuwa uvivu, ilikuwa utupu. Mtawa mmoja wa Uingereza, jina lake Ælfric, alipofasiri kitabu cha Mwanzo kwa lugha ya watu wake, alitumia neno hili kueleza jinsi dunia ilivyokuwa hapo awali, kabla haijatiwa miti wala wanyama wala watu. Je, yuko atakayesema kwamba dunia ilikuwa mvivu? Kadhalika katika ile amri ikatazayo kulitaja bure jina la Mungu, Waingereza wa kale walitumia neno hili hili kwa maana ya bure. Ndugu zao Wadachi wanalo pia, nao hulitamka "eitel", na kwao limeelekea kwenye maana ya ubatili na majivuno.

Maana ya utupu haikufa. Mwingereza akisema mashine ni "idle", maana yake haina kazi wakati ule. Akisema hivyo kwa shamba, maana yake halikulimwa wala halikupandwa. Haikusemwa kwa nini. Labda mwenyewe ni mgonjwa, labda mvua haikunyesha, labda amelipumzisha shamba lipate nguvu. Mvivu hasa, mtu ambaye uvivu ni tabia yake, Waingereza wana neno jingine la kumwita, nalo ni "lazy", na hilo kwa kawaida halisemwi kwa shamba. Ama sisi tulichukua neno la kitu kitupu tukalifanya tusi la mtu mzima.

Tena liko jambo la kufurahisha hapa. Neno "empty", ambalo leo ndilo la kusema chombo ni kitupu, zamani lilitumika pia kwa mtu asiye na shughuli, aliye na nafasi. Basi maneno haya mawili yamepishana njiani: lililokuwa la utupu limekwenda kwenye uvivu, na lililokuwa la nafasi limekwenda kwenye utupu.

Wala tusiwacheke Waingereza, kwa sababu Kiswahili nacho chafanya hivyo hivyo. Twasema "Hapana nafasi chumbani", twasema tena "Sina nafasi leo". Neno ni moja, la mahali na la wakati. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo "nafas" ni pumzi. Na mtu aliyechoka twamwambia apumzike, yaani apate pumzi. Wazee waliotunga neno hili hawakuona haya katika mapumziko. Waliona ya kuwa mtu asiyepumua hufa.

Ruhusa, leseni na shule

Makarani na askari na watumishi wote walijua neno "livu". Mtu alikwenda livu, akarudi kutoka livu. Neno hili ni la Kiingereza, "leave", na maana yake ya asili ni ruhusa. Limetoka katika shina moja na neno lao la kupenda: jambo ulipatalo kwa "leave" ni jambo alilokuridhia mwenye amri. Wadachi nao husema "Urlaub", nalo ni tawi la mti huo huo. Kwa Kiswahili twasema ruhusa, kutoka Kiarabu, au likizo. Maneno haya yote yatuonyesha jambo moja: kuacha kazi kwa ruhusa si uvivu, bali kuacha kazi bila ruhusa ndiko kulikotafutiwa majina mabaya.

Tulitazame na neno "leisure", yaani wakati wa faragha ambao mtu hana kazi ya lazima. Hili lilitoka Kifaransa, na Wafaransa walilipata katika Kilatini, ambako "licere" ni kuruhusiwa. Kutoka shina hilo hilo limetoka neno tunalolijua sana, nalo ni leseni. Basi mwenye duka anayetundika leseni yake ukutani, na mtu anayekaa kivulini jioni baada ya kazi, wote wawili wamekaa chini ya neno moja: wameruhusiwa.

Lakini ajabu kubwa kuliko zote ni neno shule. Neno hili hatukulipata kwa Waingereza, tulilipata kwa Wadachi walipotawala nchi hii, maana wao husema "Schule". Ndugu zetu wa Unguja husema skuli, wakifuata Kiingereza. Lakini Wadachi na Waingereza wote walilitoa katika Kilatini, "schola", na Walatini walilitoa kwa Wayunani. Na katika Kiyunani "skhole" maana yake ni nafasi, wakati usio na kazi! Wayunani waliona ya kuwa mtu mwenye nafasi ndiye awezaye kukaa na wenzake, akauliza maswali na kutafuta maarifa. Na mahali walipokutania hao wenye nafasi pakapewa jina hilo.

Kwa hiyo mzazi anayemwambia mtoto wake, "Acha kukaa bure, nenda shule," kwa asili ya maneno amemwambia, "Acha nafasi, nenda kwenye nafasi." Hatusemi hili ili watoto wapate sababu ya kukataa kuchunga mbuzi au kukata majani. Twasema ili wazazi wajue ya kwamba elimu yataka nafasi, na mtoto anayefanyishwa kazi tangu alfajiri hata usiku, hata akipelekwa shule, hakupewa shule.

Lofa na mzururaji

Sasa twaja kwenye maneno makali. Neno lofa limeingia katika Kiswahili likapata wingi wake, malofa, kama kwamba lilizaliwa hapa. Asili yake ni "loafer", neno lililoanza kusikika Marekani katika miaka ya 1830 na kuendelea, kwa mtu azungukaye bila kazi. Lilipofika kwetu lilibadilika kidogo. Kwao lofa ni mtu asiyetaka kazi. Kwetu limekuwa pia mtu asiye na fedha. Tazameni basi hatari yake: umaskini na uvivu vimetiwa katika kikapu kimoja. Mwaka 2015, wakati wa uchaguzi mkuu wa Tanzania, neno hili lilitamkwa jukwaani, likazusha maneno mengi nchi nzima, maana kila asiye na kitu alijiona ametajwa.

Neno "vagabond" latoka katika Kilatini, "vagari", yaani kutembea huku na huku. Kwa Kiswahili twasema mzururaji. Kutembea si kosa. Hata mchungaji hutembea, na mfanya biashara hutembea. Lakini neno hili liliingia katika sheria, na neno likiingia katika sheria hupata mikono ya kukamata.

Habari yake ni hii. Katika mwaka 1348 tauni kubwa iliingia Uingereza ikaua watu wengi mno. Waliosalia wakawa wachache, na wafanya kazi wakaona ya kuwa waweza kudai ujira mkubwa zaidi. Mwaka 1349 mfalme akatoa amri kwamba kila mwenye nguvu asiye na mali afanye kazi kwa ujira wa zamani, na kwamba mtu asimpe sadaka mwombaji awezaye kufanya kazi. Toka hapo sheria za namna hiyo zilifuatana, hata mwaka 1824 ikatungwa sheria moja iliyowagawa watu hao mafungu: wa kwanza waliitwa "idle" na wasio na adabu, wa pili waliitwa wahuni na wazururaji, na wa tatu wahuni wasioonyeka.

Maneno hayo yalipanda meli pamoja na utawala yakaja Afrika. Tanganyika ilipata sheria ya watu wasio na njia ya kuishi mwaka 1923, na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945 ikatia mafungu yale yale, ya mtu "idle" na ya mzururaji. Kenya na Uganda vile vile. Basi neno ambalo kwa Ælfric lilieleza dunia tupu likawa neno la kumpeleka kijana wa Kiafrika rumande kwa sababu hakuweza kueleza mahali anapokaa na kazi anayoifanya.

Wala haikuwa sheria tu. Ilikuwa na desturi ya kazi pia. Wakati wa Wadachi, tangu mwaka 1907 huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya sasa, kila mwanamume alipewa karatasi ya kazi, apate kufanya kazi siku thelathini katika miezi minne kwa Wazungu. Wakati wa Waingereza mashamba ya katani yalikuwa na kipande, ambacho juu yake zilihesabiwa siku thelathini za kazi, siku moja moja. Siku ambayo mtu hakwenda kazini iliachwa tupu. Wenye mashamba wakitazama tupu zile walisema, "Mwafrika ni mvivu." Lakini mtu yule siku ile huenda alikuwa shambani kwake mwenyewe, akipalilia mahindi ya watoto wake. Kipande hakikuwa na mahali pa kuandika hayo.

Huku Kilimanjaro jambo hili lilionekana wazi zaidi. Wachaga walipokwisha kupanda kahawa yao, wengi hawakutaka kushuka kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikaanzishwa chama cha ushirika cha KNCU. Walinung'unika baadhi ya walowezi kwamba vibarua wamekuwa adimu. Kweli walikuwa adimu, lakini hawakuwa wavivu. Walikuwa wakichuma kahawa yao wenyewe.

Jambo hili lilifika mwisho wake karibu nasi, katika mji wa Arusha. Huko ndiko ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Umoja wa Wanasheria wa Afrika uliiomba mahakama hiyo itoe shauri juu ya sheria za uzururaji, nayo ikatoa shauri lake tarehe 4 Desemba 2020. Ilisema ya kwamba sheria zimtiazo mtu hatiani kwa sababu tu hana makazi, au hana kazi, au hana njia ya kuishi, hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zenye sheria hizo zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Na juu ya maneno yenyewe, ikasema kwamba kumwita mtu kwa majina hayo ni mabaki ya fikira za zamani za kikoloni, nako kwamshusha mtu katika ubinadamu wake. Mwezi wa Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikavibatilisha vifungu vya nchi ile vilivyohusu wahuni na wazururaji.

Twawasihi wasomaji walifikiri jambo hili. Majaji walikaa, pamoja na mambo mengine, kupima uzito wa maneno machache. Basi karani wa kijijini asidhani ya kuwa neno ni jambo dogo.

Maneno ya kuzuia

Tukiacha uvivu, twaja kwenye kuzuia. Neno "restrain" latoka katika Kilatini, nalo ni kuvuta nyuma na kukaza, kama mtu akazavyo kamba. Neno "curb" ni la farasi: ni ule mnyororo upitao chini ya taya la farasi, ambao mpanda farasi akivuta hatamu humbana mnyama akapunguza mwendo. Asili yake ni neno la Kifaransa la kitu kilichopindwa. Kwetu mlimani farasi hawakuwa wengi, lakini maneno lijamu na hatamu twayajua kutoka Kiarabu, na kila aliyesikia siasa za nchi hii amesikia ya kuwa chama hushika hatamu. Mwenye kushika hatamu si lazima apige mjeledi. Kazi yake kubwa ni kujua wakati wa kuvuta na wakati wa kulegeza.

Neno "check", ambalo ni kuzuia kitu kisiendelee, lilitoka mbali zaidi. Ni neno la Waajemi, "shah", yaani mfalme. Katika mchezo wa sataranji mchezaji akimtisha mfalme wa mwenziwe hutaja jina hilo, na yule mwingine hapana budi asimamishe mipango yake yote amwokoe mfalme kwanza. Kutoka kwa Waajemi likapita kwa Waarabu, likafika kwa Wafaransa, kisha kwa Waingereza. Sisi tunalo kwa njia mbili: Waajemi wenyewe walituletea neno shaha, na Waingereza wakatuletea cheki ya benki. Mfalme na hati ya fedha ni ndugu wa mbali.

Jela ni neno la Kiingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, na shina lake katika Kilatini ni tundu dogo, kama la kufugia ndege. Ama gereza tulilipata kwa Wareno, na kwao "igreja" ni kanisa! Msishangae. Wareno walipojenga ngome pwani walijenga na makanisa ndani au kando yake, na watu wa pwani wakaita ngome kwa jina la kanisa. Huko Kilwa Kisiwani ngome ya kale hata leo yaitwa Gereza. Baadaye ngome zilifanywa mahali pa kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela ya Serikali ya Kiingereza toka 1895 hata 1958. Hivyo neno la mahali pa kusalia likawa neno la mahali pa kufungwa.

Neno kafyu watu wengi walilisikia Kenya toka Machi 2020 hata Oktoba 2021, wakati wa maradhi ya korona, watu walipokatazwa kutoka nje usiku. Asili yake ni maneno mawili ya Kifaransa, kufunika moto. Zamani huko Ulaya kengele ilipigwa jioni ili kila nyumba ifunike moto wake, mji usiungue watu wakiwa wamelala. Amri ile ilikuwa ya kuwalinda watu na moto wao wenyewe. Mama zetu nao hufukia kaa la moto katika jivu usiku: halizimwi, wala haliachwi liwake ovyo. Hatujui mfano mzuri kuliko huu wa kujizuia.

Neno la mwisho katika fungu hili ni "discipline". Wengi hulidhani ni fimbo. Sivyo. Shina lake katika Kilatini ni kujifunza, na mwanafunzi wa Yesu kwa Kiingereza huitwa "disciple". Sisi twasema nidhamu, kutoka Kiarabu, na shina lake huko ni kutunga, kama mtu atungavyo ushanga katika uzi. Ushanga uliotawanyika sakafuni u huru, lakini hauvaliki. Uzi waushika, ndipo unapokuwa pambo.

Wilaya na boma

Bomang'ombe ni makao makuu ya Wilaya ya Hai. Neno la Kiingereza la wilaya ni "district", nalo latoka katika shina lile lile la kukaza kamba. Zamani huko Ulaya "district" ilikuwa eneo ambalo ndani yake bwana mkubwa alikuwa na uwezo wa kuwakamata watu na kuwalazimisha. Ama wilaya ni Kiarabu, shina moja na liwali, nayo yachukua maana ya usimamizi na ulinzi. Na neno letu la Kiswahili tangu zamani lilikuwa boma. Mtu alisema, "Naitwa Bomani," na jamaa zake walijua kwamba ameitwa kwa Serikali.

Boma ni nini? Ni ua wa kuzungushia. Lakini jina la mji wetu latufunza kuulizana: boma ni la kumzuia ng'ombe asitoke, au la kumzuia simba asiingie? Mchungaji atajibu kwamba ni yote mawili. Na hiyo ndiyo hukumu ya kila kizuizi, kiwe sheria, au kafyu, au amri ya baba nyumbani: kama chamlinda aliye ndani, ni boma, kama chamfunga tu, ni tundu.

Juu mlimani Wachaga wana desturi ya kumfunga ng'ombe ndani na kumkatia majani. Mgeni akimwona ng'ombe yule amesimama gizani kutwa nzima, atasema hana kazi. Lakini yuatoa maziwa, na samadi yake ndiyo ilishayo migomba na kahawa ya kihamba kizima. Na mtu yule yule aonekanaye amekaa kivulini leo, kesho pembe ikilia ya msaragambo utamwona na jembe lake mferejini pamoja na wenziwe. Usimhesabu mtu kwa saa moja.

Wenye kupenda methali watatuambia, "Ajizi ni nyumba ya njaa." Ni kweli, wala hatutetei uvivu, shamba halilimwi kwa maneno. Lakini ajizi nalo lina asili yake. Katika Kiarabu "ajiz" ni mtu asiyeweza, aliyeshindwa. Kiswahili kimewaweka nyumba moja asiyeweza na asiyetaka. Hapana budi mwenye kusema awatenganishe, kwa maana asiyetaka hustahili kuonywa, na asiyeweza hustahili kusaidiwa.

Mwisho wa habari ya mzee

Siku nyingi zilipita, nasi hatukumwona mzee yule. Kisha katika kazi zetu tukakutana tena na neno lile lile, safari hii juu ya mashine ya kusaga, na hapo moyo ukashtuka. Tulifungua kamusi tukasoma, tukahesabu siku: zilikuwa zimebaki nne katika zile thelathini.

Tulikwenda kwake. Tulichukua jani la isale, ambalo Wachaga hulipanda mpakani mwa kihamba, na mkosaji hulichukua anapokwenda kuomba radhi. Mzee alilipokea, akatukaribisha kiti. Tukamwambia, "Mzee, barua haikusema wewe ni mvivu. Sisi ndio tuliosema. Barua imesema shamba ni tupu, nao wataka kujua sababu."

Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, shamba lile nimelilima mahindi kila mwaka, likachoka. Nikaliacha lipumzike, kama baba yangu alivyonifunza. Lakini uliponisomea mbele ya watu, niliona haya kujibu. Nikasema, mvivu atawajibu nini wakubwa?"

Tukaandika majibu pale pale, kwa Kiingereza, tukamsomea kwa Kiswahili mara mbili, naye akatia dole gumba. Barua ilifika kabla ya siku kwisha. Shamba ni lake hata sasa, na masika yaliyofuata alipanda maharage.

Basi, ndugu makarani, na ninyi walimu, na vijana mliosoma mnaowasomea wazee barua, twawaomba jambo hili moja. Mkikuta neno lenye kumhukumu mtu, msilitamke upesi. Fungueni kamusi kwanza, mkaulize neno lilitoka wapi na hapa lasimama kwa maana gani. Hata ulimi una hatamu zake, na aishikaye ni mwenyewe.